Bi Inshirah Qandil Aweka Kalamu: Miaka Thelathini na Sita ya Zamu Isiyorukwa

Tarehe 21 Aprili, siku anayotimiza miaka sitini, Bi Inshirah Qandil atastaafu baada ya kuitumikia mahakama yetu hapa Tanta kwa miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa nimeziandika kwa amri yake. Rasimu ya kwanza ilisema "miaka thelathini na sita na ushei," akanirudishia karatasi na kuniuliza ushei ni siku ngapi na nani alikula mshahara wake.

Kwa wageni watakaoshika kijitabu hiki cha sherehe bila kujua kazi yake, naeleza kwa ufupi. Mfanyabiashara akitangazwa kuwa mufilisi, mahakama humpa mtu mmoja wa kushika kilichobaki, kukilinda, kuuza cha kuuzwa na kukaa na wanaomdai. Mtu huyo tunamwita msimamizi. Kwenye orodha yetu wamo wasimamizi arobaini na mmoja, mawakili na wahasibu, wenye vitambi na wasio navyo. Nani apewe mufilisi yupi? Mjini watu huamini kwamba jaji ndiye huchagua, au binamu ya jaji, au sahani ya njiwa waliojazwa wali inayopelekwa nyumbani kwa jaji. Ukweli ni kwamba kuna daftari, na daftari hilo ni la Bi Inshirah.

Kila Jumanne saa nne asubuhi, mlango wa masjala ukiwa wazi na yeyote akiruhusiwa kusimama kusikiliza, hulifungua daftari, husoma jina la mufilisi, kisha husoma jina la msimamizi ambaye zamu imemwangukia. Humwuliza swali moja la sheria: ana udugu wa damu au wa ndoa na mufilisi? Akisema hana, kalamu inaandika. Akisema anao, zamu inahamia kwa anayefuata, naye anangoja kesi nyingine. Jaji anatia saini. Hakuna kuchagua wala kuchaguliwa.

Inasikika kama kazi ya mtoto wa darasa la tatu. Subirini.

Msimamizi hulipwa kutokana na anachokikuta. Mufilisi mwenye majengo matatu kwake ni harusi, na mufilisi mwenye mkokoteni na punda chongo ni matanga. Kwa hiyo kila mtu anapenda zamu yake ichelewe kidogo au iwahi kidogo. Bi Inshirah alipoajiriwa alilikuta daftari limeandikwa kwa penseli, na kifutio kimefungwa kwa uzi pembeni, kama mbuzi. Siku ya kwanza alikata uzi. Siku ya pili alileta kalamu ya wino. Siku ya tatu aliitwa ghorofani aeleze ana kiburi gani, akajibu kwamba hana kiburi chochote, ana wino tu.

Ndipo ulipozuka ugonjwa ambao madaktari wa Tanta hawaujui, sisi tunauita homa ya zamu. Humshika msimamizi asubuhi ya Jumanne, mara tu anaposikia kwamba anayefuata ni mufilisi asiye na kitu. Mgonjwa mashuhuri zaidi alikuwa Ustadh Mamduh Zaki (Ustadh ndivyo tunavyowaita mawakili hapa), wakili mwenye moyo laini na mwili wa kulingana na moyo huo. Zamu ilimwangukia kwa mpiga chapa ambaye mali yake yote ilikuwa mashine mbovu na chiriku kwenye tundu. Ustadh Mamduh akatuma salamu kwamba mgongo umekatika. Bi Inshirah hakugomba. Alinunua kilo mbili za machungwa, akakusanya ujumbe wa wafanyakazi watano, tukaenda kumtazama mgonjwa kama desturi inavyotaka. Tulimkuta juu ya ngazi anapaka rangi roshani.

"Mgongo unaendeleaje, Ustadh?"

"Ulipotokea tu, Bi Inshirah, ukapata nafuu. Haki ya Mungu, sasa hivi!"

"Alhamdulillahi. Basi shuka, chiriku anakungoja."

Alishuka. Na kwa kuwa moyo wake ni ule niliousema, alimlisha chiriku yule kwa fedha zake miezi minne, na mpiga chapa akaachwa afanye kazi mpaka akasimama tena. Ndiyo tabia ya Ustadh Mamduh: ukimleta kwenye zamu analia, akifika anamfia mufilisi wake.

Kuna pia mwaka wa kompyuta. Ililetwa ikiwa imefungwa utepe, ikapiga chafya mara mbili, ikampangia kesi msimamizi ambaye ni marehemu. Wiki iliyofuata ikampangia tena marehemu yule yule. Mara ya tatu mjane wake alituandikia barua nzuri sana, akasema marehemu anashukuru kwa imani tuliyo nayo juu yake ila kwa sasa ana hesabu nyingine. Bi Inshirah, ambaye muda wote huo alikuwa akiendeleza daftari lake kimyakimya, alivuta droo na kulitoa, na hakuna aliyemwuliza kitu. Kompyuta ipo bado. Tunaanikia taulo juu yake.

Sasa nije kwenye Jumanne ya Oktoba iliyopita. Yeye mwenyewe ameniomba nisiiandike, na mimi kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya kukaa ubavuni kwake namkatalia.

Nyuma ya msikiti wa Sayyid Badawi kuna duka la kashata la Haji Shawqi Abu Ghazi: kashata za ufuta, za karanga, za dengu, vizazi vitatu pale pale. Haji Shawqi alikuwa ameagiza shehena kubwa ya sukari bei ikiwa juu, bei ikaanguka, naye akaanguka nayo. Akatangazwa mufilisi zikiwa zimebaki siku chache maulidi ya huyo Sayyid yaanze. Mtu wa Tanta hahitaji kuambiwa maana yake. Muuza kashata huuza zaidi katika siku nane za maulidi kuliko anavyouza mwaka mzima uliobaki. Duka likiwa wazi siku hizo nane, Haji Shawqi anaweza kupata cha kuwapa wanaomdai na kuinuka. Likifungwa, sukari inakuwa jiwe, dengu zinaoza, na mafundi wake ishirini na wawili wanarudi nyumbani kuwatazama wake zao usoni.

Kila kitu, basi, kilitegemea zamu imwangukie nani.

Tulikuwa tumechungulia. Jina lililofuata lilikuwa la Ustadh Mamduh, mlezi wa chiriku, mtu ambaye angelifungua duka lile hata kwa meno. Lakini chini yake palikuwa na jina la Ustadh Galal Abu Samra, ambaye mji mzima unamwita Ustadh Lakiri. Huyu ni mtu wa Dumyati, mwaminifu, mnyoofu, mgumu. Hufunga mlango kwanza kwa lakiri, ile nta ya kugandishia, na muhuri, halafu ndipo hutoa salamu, na salamu yenyewe huipitisha kwenye tundu la ufunguo.

Masjala ilijaa asubuhi ile. Haji Shawqi alikaa kwenye benchi na mafundi wake wamesimama nyuma yake, wananukia sukari iliyoungua. Bi Inshirah akasoma jina la mufilisi. Akasoma jina la Ustadh Mamduh. Akauliza swali la sheria.

"Sina, Bi Inshirah," akasema Ustadh Mamduh, safari hii bila mgongo kumwuma. "Si wa damu, si wa ndoa."

Haji Shawqi akafumba macho na kuinua mikono. Fundi mmoja alishatoka mbio kwenda kuwaambia wenzake wawashe moto. Mimi nilikuwa natabasamu mpaka masikioni. Kisha nikaona kalamu ya Bi Inshirah imesimama hewani, haishuki.

"Na wa maziwa?" akauliza.

Ustadh Mamduh akajikohoza.

"Swali hilo halimo kwenye fomu, dada yangu. Fomu inasema damu na ndoa."

"Najua inavyosema. Mimi ndiye niliyeipiga chapa."

"Basi fomu nimeshaijibu."

"Ustadh Mamduh," akasema Bi Inshirah kwa sauti yake ya kawaida, ile anayoombea wino, "mwaka ule ulipokuja kwetu kuniposa, na sanduku la peremende na shangazi zako wanne, ulirudishwa mlangoni kwa sababu gani?"

Wallahi masjala ilipasuka kwa kicheko. Askari wa mlangoni alilazimika kushika ukuta. Miaka thelathini na mitano watu hawa wawili walikuwa wakifanya kazi pamoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kulikuwa na posa. Ustadh Mamduh aligeuka mwekundu kama chai ya karkadee.

"Mama yako alisema tumenyonya ziwa moja."

"La nani?"

"La mama yake Shawqi, Mungu amrehemu."

"Na hukubisha. Ulichukua peremende zako ukarudi."

"Nilizila kwa majonzi, Bi Inshirah! Zote!"

Mama yake Haji Shawqi, kwa wasiojua, alikuwa mwanamke mwenye maziwa mengi na roho ya kutosha maziwa hayo, na katika kichochoro chao mtoto akilia mama yake akiwa jikoni, alipelekwa kwake. Kichochoro kizima kililijua hilo, na dini huwahesabu walionyonya ziwa moja kuwa ndugu wasiooana. Sheria ya ufilisi haikulijua.

Nakiri mbele ya wote: nilimkanyaga Bi Inshirah mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa nguvu. Nilitaka anyamaze, dunia iende zake, kashata ziive.

"Ashraf, unanikanyaga," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi. Kisha akasimama. "Na bado hamjamaliza kucheka. Aliyemnyonyesha Ustadh Mamduh ndiye aliyeninyonyesha mimi. Nilikuwa na siku tano, mama ana homa ya matumbo, hawezi hata kuinua kichwa. Miezi saba nililelewa kwa maziwa ya nyumba ile. Kwa hiyo mufilisi huyu ni ndugu yangu, na hata hiyo kalamu hainihusu leo."

Akaandika mistari mitatu kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akatia saini, akatazama saa ya ukutani, akaandika na saa. Kisha akaweka kalamu chini na kulisukuma daftari mbele yangu.

Jaji aliitwa kutoka chumba cha pili. Alisikiliza, akajikuna shavu, akasema: "Sheria imetaja damu na ndoa tu, kweli. Lakini maziwa yaliyoweza kumzuia Ustadh Mamduh asioe, hayatashindwa kumzuia asisimamie." Akatia saini. Nami kwa sauti ya mtu aliyemeza nzi nikasoma jina lililofuata, na swali, na nyongeza ya swali.

"Sina udugu na mtu yeyote hapa Tanta," akajibu Ustadh Lakiri, "si kwa damu, si kwa ndoa, wala kwa maziwa. Namshukuru Mungu."

Haji Shawqi alikuja mpaka kwenye meza yetu. Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza.

"Inshirah. Neno moja tu hilo. Lingekugharimu nini kulimeza?"

"Nikilimeza, Shawqi, nitakuwa nimemkana mama yako mbele za watu."

"Mama yangu yuko kaburini. Mimi ndiye niko hapa." Akatoka, na mafundi wake nyuma yake, na ile harufu ya sukari.

Bi Inshirah aliomba ruhusa ya dakika kumi, ya kwanza tangu aajiriwe, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Alilia. Nilimpelekea chai nikaiweka karibu naye bila kusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia, na kwa sababu nilimpenda, na sikujua lipi litatoka kwanza nikifungua mdomo.

Siku hiyo hiyo saa saba mchana, Ustadh Lakiri alifika dukani na mkoba wake: mshumaa, kipande cha lakiri nyekundu, muhuri wa shaba. Mimi nilifuatana naye kama karani. Tulikuta majungu matatu motoni.

"Zimeni," akasema.

Fundi mkuu pale ni mzee anayeitwa Zinhum, mikono yake imeungua mara nyingi kiasi kwamba haihisi tena. Hakuacha kukoroga.

"Tukizima sasa hivi, bwana mkubwa, sukari itaganda humu humu na jungu litapasuka. Jungu nalo si mali?"

Ustadh Lakiri ni mtu wa sheria. Alitoa kitabu, akakisoma kifungu kinachomtaka msimamizi azuie mali isiharibike, akakifunga. "Malizeni jungu hili."

Wakalimaliza, wakamwaga juu ya marumaru. Akawasha mshumaa. "Bwana mkubwa," akasema Zinhum, "kashata ya moto haifungiwi ndani. Inatoa jasho, inakuwa uji. Iache ipoe tuikate." Akauzima mshumaa. Wakati inapoa, mtu akakumbusha kwamba kuna magunia sita ya dengu zilizolowekwa tangu jana, zikilala leo zitachipua. Kitabu kikafunguliwa tena. "Zikaangeni." Dengu zikikaangwa zinataka sukari. Sukari inataka jungu. Jungu likishika moto haliachwi njiani. Ilipofika alasiri Ustadh Lakiri alikuwa bado amesimama pale pale, na lakiri imelainika mkononi.

"Karani," akaniambia taratibu, "naona kila kitu humu ndani kinaharibika isipokuwa kikipikwa."

Kesho yake alirudi mapema, akakuta dengu mpya kwenye maji.

"Nani ameloweka hizi?"

"Zililowekwa kabla ya amri yako, bwana mkubwa."

"Amri yangu ilikuwa jana!"

"Na zenyewe ni za jana. Zitazame zilivyovimba, maskini."

Taarifa ya msimamizi kwa jaji, siku ya kwanza, ilikuwa na sentensi moja: "Leo nimeshindwa kufunga, jungu lilikuwa motoni." Ya siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu jaji, kwa uwezo anaopewa na sheria, aliandika pembeni: "Biashara iendelee mpaka maulidi yaishe, chini ya macho ya msimamizi." Na macho hayo yalikaa. Yalikaa kwenye kiti cha mlangoni siku zote nane, kila boksi lililotoka liliandikwa, kila mtoto aliyeonja bure alikemewa. Siku ya nne yalianza mabishano, kwa maana mtu wa Dumyati, mji unaojisifia vitamu vyake, hawezi kukubali kwamba Tanta wanajua vitamu. Siku ya tano Zinhum alimwambia basi akoroge yeye. Siku ya sita nilimkuta Ustadh Lakiri amevaa aproni, ana ufuta kwenye nyusi, anamgombeza mteja aliyethubutu kusema kwamba kashata za duka la jirani ni laini zaidi.

Maulidi yalipokwisha, duka lilikuwa tupu mpaka sakafu. Wanaodai waliketi, wakaona, wakakubali sulhu: walipwe kidogo kidogo miaka minne, na duka libaki na mwenyewe. Wote walikubali, isipokuwa mmoja, tajiri aliyemwuzia Haji ile shehena ya sukari, ambaye alitaka jengo. Na mwezi wa Februari alikuja mahakamani na wakili kutoka Kairo, mwenye viatu vya kung'aa na kikongwe mmoja wa kichochoro kama shahidi.

Wakili yule alisimama akapiga mbiu. Uteuzi wote umeoza! Karani mwenye daftari ni ndugu wa mufilisi kwa kunyonya! Wasimamizi wa hapa wamenyonya pamoja naye! Waliupanga mchezo huu kichochoroni, na kila kilichofanywa na msimamizi kifutwe: mauzo ya maulidi, sulhu, yote! Haji Shawqi alikuwa amekaa mstari wa mbele, kichwa chini, na hakuwa amesema neno na Bi Inshirah tangu Oktoba. Hata Ramadhani ilipoandama hakumtumia salamu, na najua, kwa kuwa kila simu ilipolia Bi Inshirah alikuwa akiitazama kabla hajaipokea.

Jaji akaomba daftari. Akalifungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akasoma kwa sauti:

"Ustadh Mamduh Zaki ni ndugu wa mufilisi kwa kunyonya, zamu imemwacha. Mimi Inshirah Qandil pia ni ndugu wa mufilisi kwa kunyonya. Nimeweka kalamu chini saa nne na dakika kumi, na zamu inaendelezwa na Ashraf Tulba."

Akamtazama wakili juu ya miwani. "Umetuletea habari tuliyokuwa nayo tangu Oktoba. Kuna nyingine?"

Hakukuwa na nyingine. Kikongwe aliuliza kama anaweza kwenda nyumbani, na kama kuna kashata. Pingamizi likatupwa, sulhu ikathibitishwa. Ninataka kila kijana anayeingia kazini hapa aelewe kilichotokea. Kama kalamu ile ingeshuka, kama angeusikiliza mguu wangu, uteuzi wa Ustadh Mamduh ungefutwa siku ile mbele ya macho yetu, na kila kashata iliyouzwa ingerudi kuwa kesi. Duka liko wazi leo kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kulisaidia. Nilimwomba radhi. Aliniambia nivae viatu laini siku nyingine.

Kuhusu Haji Shawqi, aliingia masjalani dakika chache baada ya uamuzi huo. Alisimama kwenye dirisha la huduma kama raia yeyote, akanyoosha mkono na stempu ya ada.

"Naomba nakala ya ukurasa," akasema.

"Upi?" akauliza Bi Inshirah, kana kwamba hajui, na daftari ameshalivuta karibu.

"Ule ulionikana."

"Sikukukana, Shawqi."

"Ndiyo. Nimesikia ulivyosomwa. Sikujua kusoma mwezi wa kumi."

Basi wakalia wote wawili, yeye huku na yeye kule, kioo katikati, na foleni ya watu kumi na wanne ikilia pamoja nao bila kujua sababu. Hapa kwetu hatumwachi mtu alie peke yake.

Kesi elfu tatu, mia nne na kumi na saba zimepita chini ya kalamu ya Bi Inshirah, na hakuna hata moja iliyoruka mtu. Aliwahi kutunukiwa cheti cha utumishi bora, akakirudisha kwa kuwa jina la babu yake lilikosewa. Alifundisha makarani tisa, saba wakakimbia. Alitusimamia wakati wa mishahara iliyochelewa, na wakati wa paa lililovuja aliufungua mwavuli wake juu ya daftari akalowa yeye. Kwake mimi nimejifunza kazi yote niijuayo.

Baada ya sherehe hii anakwenda Umra, ndiyo maana tumeombwa tusimpe saa ya mezani wala blanketi bali begi lenye magurudumu. Ustadh Mamduh, aliyepata habari, ameomba naye aandikwe kama maharimu wake wa pili, yaani mwanamume asiyeweza kumwoa wa kufuatana naye safarini, kwa hoja kwamba maziwa yaliyomnyima mke yampe walau safari. Ombi lake linafikiriwa.

Juzi nilimsindikiza kwa wakala wa safari kujaza fomu. Haji Shawqi alikuwa ameshafika, amevaa kanzu mpya. Binti wa kwenye meza aliuliza msafiri anafuatana na nani, Bi Inshirah akasema: ndugu yangu. Binti akaona majina ya baba hayafanani, akauliza ni ndugu wa namna gani, na kati ya viti viwili vilivyobaki, cha dirishani na cha kati, nani akae wapi. Bi Inshirah alikuwa ndiyo kwanza anatoa miwani ili aeleze kila kitu kwa utaratibu, tangu siku tano na homa ya matumbo. Haji Shawqi hakumngoja.

"Andika ndugu, binti yangu," akasema. "Huyu nilimwachia ziwa la mama yangu. Nitashindwa kumwachia dirisha?"

Bi Inshirah, asante kwa zamu zote. Nenda kwa amani, rudi kwa afya, na uishi miaka mingi usiyohitaji kuihesabu.

Ashraf Tulba,
karani wa daftari la zamu, kwa niaba ya wafanyakazi wote